Ufunguo wa Shingoni

Kila jioni fundi wa studio pale Kondele, Kisumu, alichomoa ufunguo nyuma ya kompyuta, kiplagi cheusi ambacho kisipokuwepo programu ya kurekodi muziki haifunguki, akaupuliza vumbi, akauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Hata kanisani vidole vyake viliupapasa. Kisha ikaja barua ya kampuni kutoka Ulaya: rudisha ufunguo, ukifika tutakupa kibali cha kufungulia programu kwa intaneti, kupitia laini ya simu. Kwenye dirisha la posta, karani alivuta bahasha yenye ufunguo, haikuja.

“Bwana, si uachilie!”

“Kwaya inarekodi mwisho wa mwezi,” fundi alisema, bado ameishikilia bahasha. “Na mvua ikikata simu?”

Karani akavuta tena, bahasha ikaenda. Nje, wingu zito lilikuwa limetanda upande wa ziwa, na vidole vya fundi vilikuwa vimeshafika shingoni, vinapapasa.