Jua Lilipotoka Mlimani

"Shangazi, ungaliendelea kupanda, ile theluji ingaliporomoka kweli?"

Balqees alikuwa darasa la tatu alipouliza hivyo, nyumbani kwa bibi yake, mtaa wa Ghubra, Maskati, sebule imejaa watu. Shangazi Mastura alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka milima ya Jojia, pua imembabuka kwa jua. Alimsogezea mtoto halua, akainuka kwenda kuosha vikombe.

Mastura ni mwalimu wa sayansi, na tangu yu msichana akiota kusimama juu ya kilele chenye theluji. Miaka miwili alipanda na kushuka ngazi za jengo lao na mkoba uliojaa mchele mgongoni, majirani wakimcheka. Mwishowe akaenda na shoga yake Nadra, wakafunzwa kwanza na wenyeji wa kule. Baridi ilikuwa inaisha, siku zimeanza kupata joto. Waliambiwa waziwazi: tokeni alfajiri, theluji ingali ngumu, mrudi kabla jua halijakolea.

Lakini mtu wa Maskati akipigwa na baridi hungoja jua. Wakachemsha kahawa, wakala tende, Nadra akamimina tena.

"Ngoja litoke kidogo, bibi we. Mie vidole sivisikii!"

Likatoka. Wakavua makoti, Nadra akainua mikono kulikaribisha. "Ahlan! Sasa nipo kwetu."

Chini ya mteremko wa mwisho Mastura akazama mpaka gotini. Hatua ya pili, vilevile. Pembeni, vidonge vya theluji vilibiringika vyenyewe, vikinenepa kila vikishuka. Akaelewa: theluji ya juu inayeyuka, maji yanapenya ndani, na mteremko mzima waweza kung'oka kwa mpigo mmoja.

"Tunarudi."

"Wallahi hurudi! Kilele kile pale, nnakiona!"

"Hata mie nnakiona. Shuka."

Nadra alinuna mpaka uwanja wa ndege. Na ule mteremko, walipougeukia jioni, ulikuwa umetulia tuli. Hakikuanguka hata kipande.

Hapo ndipo Khattab, baba yake Balqees, alipopata la kusema kila Idi. "Mwarabu kakimbia jua! Mmeliona wapi hilo?" Watu hoi kwa kicheko. Mastura alicheka nao, lakini hakupanda tena. Kila mwaka alisema, mwakani. Labda alikuwa mwoga tu, alijiwazia, na mtu mwoga aende kufuata nini?

Mwaka huu Nadra alimpigia simu. "Mwakani gani tena? Nshakata tiketi mbili. Na safari hii ukisema turudi, ntarudi bila kununa."

Mastura akaenda kuteremsha mkoba kutoka juu ya kabati.

Balqees, sasa ana miaka kumi na sita, alikuwa akimsaidia kukunja nguo, akashindwa kujizuia. Akauliza lile lile: angaliendelea kupanda, theluji ingaliporomoka kweli?

Safari hii shangazi hakuinuka.

"Sijui, mwanangu. Siku ile nliona haya kusema sijui. Njia ya kujua ilikuwa moja tu, na mie sikuitaka."