Moshi wa Moto kwenye Barabara ya Kabambare

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sioni haya kulisema. Katika biro ya mipango ninakofanya kazi, hapa Kasongo, wenzangu walitaka barabara ya kwenda Kabambare ikatwe moja kwa moja msituni ili iwe fupi. Mkoa ulikuwa umeagiza kila barabara ipangwe kwa namna ya kupunguza hewa chafu inayozidisha joto duniani. Wao wakasema njia fupi ni mafuta kidogo, basi, kazi imekwisha. Niligonga meza. Na miti itakayoangushwa je? Na wachomaji makaa na wachimba dhahabu watakaoifuata hiyo barabara mpaka katikati ya msitu?

Nikachora njia yangu juu ya barabara ya zamani, ile yenye kona nyingi inayopita vijijini, kijiji cha mama yangu kikiwamo. Tuitoe matope hiyo, nikasema, na msitu tuuache usimame.

Injinia mkuu alinisikiliza mpaka mwisho. Akakubali, ila kwa sharti: wanakijiji wasogeze nyua zao na watoe sehemu ya mashamba ya mihogo ili barabara ipanuke. Wakikataa, tunakata msitu.

Kwa hiyo siku ya mkutano kijijini kwetu nilikuwa roho juu. Watu walijaa uwanja wa kanisa. Injinia, mtu mwema lakini mgeni wa huku, alisimama akasema kwa furaha:

— Faida ya kwanza ya barabara hii, itapunguza moshi wa moto!

Kwetu pikipiki ni moto, neno tulilolitoa kwa Kifaransa, na moto wa jikoni nao ni moto. Yeye alikuwa akifikiria pikipiki ziendazo Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, zinazonguruma kwenye matope bila kusogea. Watu walisikia mafiga. Na sisi tuliokulia huku, tukiona kijiji hakitoi moshi tunajua wenyewe wamekimbia vita. Tumekimbia vya kutosha.

Mama yangu akainuka, akakaza kitenge kiunoni.

— Ni kusema munataka tuzime mafiga? Tutakula mihogo mubichi? Ao munataka tutoke hapa?

Wanawake wakaanza kuondoka. Injinia akanigeukia kama mtu aliyekanyaga siafu. Hasira zikanipanda, safari hii si juu ya mtu, ni juu ya lile neno. Nikapanda kwenye benchi.

— Wamama, mungoje! Hakuna mutu atagusa jikoni yenu. Moto anasema ni pikipiki! Ile inalia mu matope, inakula mafuta bure, inatupulizia moshi ku pua. Njia ikiwa muzuri itapita mbio, moshi itakuwa kidogo. Na pori ikibaki, miti itakunywa ile ingine.

Kicheko kilianzia nyuma kwa vijana, kikawafikia wanawake, na injinia mwenyewe akacheka mpaka akafuta machozi. Mama peke yake hakucheka.

— Na moshi ya kwangu? Iko mu ule mupango yenu?

— Iko, mama.

— Basi mihogo ya mbele mutatoa. Ya nyuma munaniachia.

Akaketi. Wengine wakarudi, wakakubali mmoja baada ya mwingine.

Barabara haijafika Kabambare. Kipande cha kwetu kimekwisha, kina mifereji pande zote mbili, na msitu bado umesimama kule ulikokuwa. Najivuna, tena waziwazi. Dereva wa moto anayenibeba amechoka kunisikia nikimwonyesha kona nilizozipigania.

Juzi, tulipomaliza mlima wa mwisho, niliona moshi mzito mweupe juu ya nyumba ya mama. Nilidhani nyumba inaungua, nikampigia dereva kelele akaze mwendo. Niliingia jikoni mbio, nikamkuta mama ameketi kwenye kigoda, machozi yanamtiririka, anasukuma kuni mbichi katikati ya mafiga.

— Mama, ni nini hii? Kuni ya kukauka si iko pale nje!

— Niliambiwa unapita leo, akasema huku akikohoa. Nikataka uone toka mbali kama tuko.