Mambo Aliyoambiwa Bakuli

Kazini walimwita Bi Wino, na si kwa kumbeza. Katika ofisi nzima ya katuni ile, yeye peke yake ndiye aliyeandika maneno kwa mkono. Mchoraji akishamaliza kuchora, kurasa zilifika mezani kwake zikiwa bubu, naye akazitia sauti. Kila neno lililotoka kinywani mwa mnyama lilipitia kwanza kwenye kalamu yake, na kwa miaka minne alijivunia kwamba hakuna mtoto aliyewahi kushindwa kusoma herufi zake.

Katuni yenyewe iliitwa Wanyama wa Uani. Ilimhusu mbwa mzee, kuku mwenye umbea na punda asiyependa kuharakishwa, ambao walilinda nyumba ya watu wasiojua kwamba wanalindwa. Kila mwezi walipambana na kitu kisicho cha dunia hii: kivuli kisicho na mwenyewe, ndoo inayolia, bibi ambaye nyayo zake zilielekea nyuma. Watoto waliigombania, na wazazi waliisoma kwa kisingizio cha watoto.

Hadithi zilikuja ofisini ndani ya bahasha ya kaki, zimepigwa taipu, hazina jina. Mhariri, bwana mmoja mwenye miwani jozi mbili, moja machoni na nyingine kichwani, alisema mwandishi ameomba asitajwe. Ukimuuliza zaidi alianza kutafuta ile miwani ya kichwani mpaka ukachoka ukaondoka.

Bi Wino hakujali, hadi siku alipofika kwenye ukurasa ambamo mlango wa stoo ulikuwa umefungwa kwa kitambaa cha buluu kwa sababu komeo limekatika. Kalamu ilimsimama mkononi. Stoo ya kwao, alipokuwa mdogo, ilifungwa hivyohivyo. Akajiambia kwamba makomeo hukatika duniani kote, akaendelea na kazi. Mwezi uliofuata, nyuma ya ukuta wa stoo ile, akaingia mzuka mpya: Mpumuaji. Haukuonekana. Ulikuwa unapumua tu, kwa mluzi mwembamba, na wanyama wote watatu hawakuuweza.

Bi Wino alimjua Mpumuaji huyo. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa na miaka saba, na mwaka uliofuata baba akaoa karani wa shule. Bi Wino hakumkubali mama huyo wa kambo. Hakumtusi wala hakumgomea, ila hakuwahi kumwita kwa jina lolote. Akitaka kitu alikohoa kwanza, au alianza na "samahani". Maneno yake yote alimpelekea mbwa wa nyumbani, aliyeitwa Bakuli kwa jinsi alivyolinda chombo chake cha chakula. Kila siku baada ya shule alikaa naye kwenye kivuli cha stoo akimweleza yaliyomo moyoni. Na mara nyingi, nyuma ya ukuta, alisikia kitu kikipumua.

Hayo hakuwahi kumsimulia mtu. Au alimsimulia? Ndipo shaka ilipomwingia, na shaka ikishaingia haiombi kiti. Akaanza kumtazama mumewe, fundi wa redio, kwa jicho la pembeni: huenda aliwahi kuropoka usingizini naye akasikia. Akamshuku mchoraji, aliyekuwa na tabia ya kuuliza watu habari za utotoni. Akamshuku hata mdogo wake, mtoto wa mama wa kambo, ingawa wakati wa Bakuli mdogo huyo alikuwa bado anatambaa.

Akaamua kuwategea. Kwa mumewe alisema kwamba uani kwao, alipokuwa mdogo, palikuwa na kisima kilichofunikwa kwa mlango mzee. Kwa mchoraji alitaja habari za kuku aliyelala kwa mguu mmoja juu ya bati. Kwa mdogo wake alidai kwamba baba alizika sanduku chini ya ua. Yote matatu yalikuwa uongo mtupu. Akasubiri aone ni uongo wa nani utakaotokea kwenye katuni.

Hakuna uliotokea. Kilichotokea ni kibaya zaidi. Katika hadithi ya mwezi ule, msichana wa nyumba ile alimmegea mbwa mkate wake wote na kusema, "Kula wewe. Mimi nimeshiba hofu."

Hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe, neno kwa neno. Aliyasema mara moja tu, kwa mbwa, na mbwa alishakufa zaidi ya miaka thelathini. Kwa siku mbili Bi Wino alizunguka nyumbani akiwa hasemi na mtu, na mumewe alipomuuliza kama anaumwa, alimtazama kana kwamba swali lenyewe ni ushahidi. Alifika mahali pa kujiuliza kama mbwa aliyekufa anaweza kupata mashine ya taipu.

Bahasha zilifika Jumatano ya kwanza ya mwezi. Jumatano hiyo akaomba ruhusa, akasema anakwenda kwa daktari wa meno, akaketi kwa fundi cherehani aliyetazamana na mlango wa ofisi. Alikuwa amechukua sketi isiyo na tatizo lolote ili apunguziwe. Saa nne na robo akaja mwanamke mmoja mzee, mwembamba, kikapu mkononi, akipumzika kila baada ya hatua kadhaa. Alitoa bahasha ya kaki chini ya mboga, akaingia.

Alikuwa mama yake wa kambo.

Bi Wino hakumfuata ndani. Alimwacha atoke, akampa muda wa kufika kwake, kisha akaenda, bila kukumbuka sketi. Mama yule, aliyekuwa mjane sasa, aliishi peke yake kwenye nyumba ileile ya zamani. Aliitika hodi, akapokea shikamoo, akamtazama usoni, akajua kwamba amegunduliwa. Mashine ya taipu ilikuwa mezani, imefunikwa kwa taulo. Bi Wino alikohoa, kama ilivyokuwa desturi yake, kisha akauliza moja kwa moja nani alimwambia mambo yale.

"Wewe," mama akajibu. "Ulikuwa husemi na mimi. Ulikuwa unasema na mbwa. Mimi nikawa naingia stoo, nakaa juu ya magunia ya mkaa, nasikiliza. Ningejuaje unachotaka?"

"Kwa hiyo aliyekuwa anapumua nyuma ya ukuta…"

"Nina pumu, mwanangu. Na mkaa ulikuwa unaizidisha."

Bi Wino alidhani atacheka, lakini kilichomjia ni hasira. Alikumbuka jinsi alivyoanza ghafla kupata mkate mnene zaidi, taa chumbani, viatu alivyovitamani bila kumwomba mtu. Wakati ule alidhani ni baba. Hata hivyo siri zilikuwa zake. Alimwambia mama yule kwamba alimwibia, kwamba alimtia hofu miaka mizima na sasa anaiuza kwa watoto wa watu. Mama hakujitetea. Alisema tu kwamba alitaka kumweleza tangu zamani, akakosa pa kuanzia. Alipostaafu na kusikia binti yake anaandika maneno ya katuni, aliona kuwa hiyo ndiyo njia pekee ya maneno yake kupita mkononi mwa binti huyo.

Bi Wino aliondoka bila kuaga. Nyumbani alimwomba mumewe radhi, ingawa mume hakujua kosa ni lipi na alibaki akishuku kwamba jambo kubwa zaidi linakuja. Kurasa za mwezi ule zilikaa mezani kwake siku tisa bila neno hata moja, mhariri akipita na kurudi, akishika miwani zake zote mbili.

Siku ya kumi alibeba kurasa zile hadi kwa mama. Alisema hakuja kupatana, amekuja kusahihisha. Bakuli hakuwa mbwa wa kubweka ovyo kama alivyoandikwa, na punda hawezi kusema "naam" kila sentensi. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mama alikuwa mbishi kuliko alivyomdhania, na kuhusu punda hakukubali kabisa.

Tangu hapo huonana kila Jumatano ya kwanza. Jina la mwandishi bado halitajwi. Mama hataki, na mhariri ameridhika. Bi Wino bado hajamzoea sawasawa, na akiwa pale hupima maneno yake, maana anajua yule hasahau. Lakini juzi, akitafuta kalamu iliyoanguka chini ya meza, aliuliza bila kukohoa kwanza: "Mama, umeiona?"

Mama akainama kuitafuta.