Sauti ya Baba Mdogo Kwenye Kishikwambi

Baba yangu alipopata kiharusi, mkono wake ulirudi baada ya miezi michache na mguu ukarudi nusu, lakini maneno hayakurudi. Alielewa kila tulichosema, na mtu akikosea habari za shamba alikunja uso. Ila akifungua kinywa ilitoka sauti moja tu ndefu, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya korongo.

Hospitalini, mtaalamu wa mazoezi ya kuongea alitufundisha kutumia kishikwambi. Unapanga picha, kila picha unairekodia neno lake, na mgonjwa akigusa picha neno linasikika. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na nilikuwa na kishikwambi changu cha zamani, nikampa. Kilichokosekana ni sauti. Mama alikataa katakata sauti yangu.

"Baba yako aongee kama msichana? Hapana. Mwite baba yako mdogo."

Baba mdogo anaishi Kisongo, upande wa pili wa mji. Yeye na baba walikuwa na sauti moja. Hata kwenye simu mama hakuwahi kuwatofautisha. Akaja nyumbani kwetu, mlimani juu ya Kikatiti, akakaa asubuhi nzima sebuleni akirekodi: maji, naomba chai, nina baridi, nipeleke nje, asante, hapana, na maneno ya shambani pia. Mama akaomba na "sijamaliza", maana yeye mwenyewe alikuwa na tabia ya kuondoa sahani mapema. Baba alimtazama mdogo wake bila kupepesa macho, akimwangalia akisema maneno ambayo yangekuwa yake.

Majuma yaliyofuata yamebaki kwangu kama ndoto ya alfajiri. Ilikuwa miezi ya ukungu. Mlima ulipotea kabisa, migomba ikasimama nusu-nusu, na ndani ya nyumba akaongea mtu ambaye hakuwepo. Siku moja mama alisikia "naomba chai" akiwa jikoni, akatoka na vikombe viwili. Alimkuta baba peke yake. Akasimama kidogo, kisha akaketi akanywa hicho cha pili yeye mwenyewe.

Lakini kishikwambi kilikuwa kizito. Baba akigusa picha, kioo kilififia, kiduara kikazunguka, nasi tukangoja. Tulisikia maji yakidondoka kutoka jani la mgomba hadi jani. Tulisikia kuku wakiparua chini ya kahawa. Halafu, kutoka mbali, "nina baridi". Nakiri nilianza kupenda kimya kile. Nilikaa ndani yake kama mtu aliyekaa kwenye maji ya uvuguvugu, wala sikufikiria kwamba si mimi niliyekuwa nangoja kusikika.

Nilikuja kufikiria siku baba mdogo alipokuja kuzungumzia shamba. Lilikuwa lao wote wawili, kahawa iliyopandwa na babu. Baba mdogo alitaka kuing'oa yote na kupanda parachichi.

"Kahawa imezeeka, na sisi tumezeeka nayo," alisema. "Kaka, wewe unasemaje?"

Baba akagusa kioo. Kiduara kikazunguka. Akagusa tena. Baba mdogo alingoja, akatazama dirishani, akaangalia viatu vyake.

"Basi," akasema taratibu, "kama kaka amenyamaza, tumekubaliana. Tuombe."

Tukainamisha vichwa. Alikuwa katikati ya kumshukuru Mungu kwa umoja wa familia yetu sauti yake mwenyewe ilipomjibu kutoka mapajani mwa baba:

"Hapana."

Kisha, kwa kuwa baba alikuwa amegusa mara nyingi, "Hapana. Hapana."

Baba mdogo akafumbua macho, akacheka. "Kimekwama hicho," akasema. Akamaliza sala, akaaga, akaondoka. Baba alikisukuma kishikwambi mpaka ukingoni mwa meza, na kwa siku nne hakukigusa.

Siku ya tano nilikipeleka mjini, Levolosi, kwa dada mmoja anayetengeneza simu kwenye kibanda cha bluu. Nilimwambia aniwekee memori kadi kubwa kuliko zote, kiongezeke kasi.

"Mwalimu, kadi haitakusaidia," alisema huku akikipekua. "Kwenu mnalima kahawa?"

"Tunalima."

"Basi kadi ni stoo ya kuwekea magunia. Hapa stoo ina nafasi. Kilicho kidogo ni meza ya kuchambulia, ile memori ya kufanyia kazi, ram. Picha zote hizi na sauti zote hizi zinataka kukaa mezani kwa wakati mmoja, hazienei, kinabaki kuzipandisha na kuzishusha."

"Niongeze meza, basi."

"Kwenye kishikwambi haiongezwi. Imekuja nacho kiwandani. Tafuta kingine chenye meza pana."

"Pana kabisa?"

Akatikisa kichwa. "Ya kutosha. Baba anaongea tu, si ndiyo? Ukimletea meza ya wachambuaji hamsini naye yuko peke yake, haongezi mbio."

Nilipata kingine chenye ram mara mbili ya kile cha kwanza, naye dada yule akahamisha picha na sauti zote. Nilimkabidhi baba nyumbani. Aligusa picha ya maji, na neno likatoka kidole kikiwa bado juu ya kioo. Akashtuka. Akagusa tena. Jioni ile tulimpelekea maji, chai na blanketi ambavyo hakuvihitaji.

Nilimpigia baba mdogo, nikamwambia kaka yake anamhitaji. Alipofika, alianza tena habari za miche.

"Hapana," baba akasema.

"Kaka, nisikilize, hii kahawa—"

"Sijamaliza."

Baba mdogo alikitazama kishikwambi. Akanigeukia. "Ananikatisha kwa sauti yangu mwenyewe!" Kisha tabasamu likamtoka, akaketi vizuri. "Ile siku tulipokuwa tunasali, kilikwama kweli?"

"Hapana."

"Basi sema, kaka."

Ilichukua saa nzima, neno moja moja, vidole vikitafuta picha. Baba. Kahawa. Juu. Acha. Halafu: chini, wewe, panda. Baba mdogo aliyarudia kila mara ili awe na hakika: kahawa ya baba yao ibaki juu, chini apande yeye, na ukiwa umefumba macho usingejua nani anauliza na nani anajibu.

Wakakubaliana hivyo. Sehemu ya chini ina parachichi, sasa zinanifika begani. Kahawa ya juu ipo, na ikichanua baba hutaka kupelekwa nje.

Baba mdogo bado huja kurekodi maneno mapya. Mara ya mwisho baba alinyoosha kidole dirishani, kilele kikiwa kimetoka kidogo juu ya ukungu. Baba mdogo akarekodi, "Mlima." Baba akatikisa kichwa. "Meru," akajaribu. Baba akatikisa tena. Ndipo baba mdogo akainama karibu na kioo, akasema kwa sauti ya chini neno la Kimeru ambalo sikuwahi kulisikia, neno walilolitumia wao wawili wakiwa wadogo.

Baba akafumba macho.

"Maana yake nini?" nikauliza.

Baba akafumbua macho, akagusa kioo, na neno lile likasikika tena.