Nilivyobatizwa Nimefungwa Kitambaa cha Meza

Nawaambia mwenyewe kwa sababu nusu ya mtaa wetu wa Mabanga, hapa Goma, tayari inaijua habari hii na inaisimulia vibaya kuliko ilivyokuwa, ingawa ilivyokuwa pia si vizuri: mimi, mwanaume wa miaka arobaini na mitatu, niliyetangatanga Butembo, Kisangani na Bunia bila kuaibika sana, nilivuliwa nguo mbele ya lango la kanisa siku ya ubatizo wangu.

Jina langu Shabani. Wazee wangu ni wa Maniema, nimezaliwa Mwislamu, ila barabara ilinisahaulisha kuswali zamani. Miaka miwili iliyopita niliugua tifoidi katika mji wa Kiwanja, peke yangu katika chumba cha kupanga, na mama wawili wa shirika (ndivyo tunavyoita jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa) wakawa wananiletea uji na kunifulia mashuka wiki tatu nzima bila kuniuliza ninasali wapi. Niliporudi Goma nikaanza mafundisho ya ubatizo. Kimya kimya, kwa sababu ya Ramazani. Huyo ni rafiki yangu tangu tulipokuwa matandiboi kwenye lori moja la Rutshuru, zile siku ninazozikumbuka hadi leo kila nikisikia harufu ya mazuti, ile dizeli ya malori. Sasa anauza kahawa. Siku nilipomgusia mambo ya kanisa aliweka birika chini akasema, "Shabani, siku utaingia kule, usirudie huku." Sikumgusia tena.

Basi, wiki ya Pasaka katekista wetu, Papa Deo (kwetu kila mwanaume mzima ni papa, yaani baba), akatangaza kila mmoja aje Jumapili na vazi jeupe. Nani Goma ana nguo nyeupe, na vumbi hili letu jeusi la volkano? Nikakumbuka kanzu ya Ramazani. Ningeweza kutafuta shati (ndiyo, ningeweza, msinikatize), lakini nikaenda kumwambia, "Ndugu, niazime kanzu, Jumapili niko na jambo la ibada." Nikajiona mwerevu, maana sikudanganya. Ramazani akalengwalengwa na machozi. Akaniletea kanzu imepigwa pasi, na hakuuliza kitu.

Hakuuliza kwa sababu alishajijibu mwenyewe: kanzu ya Jumapili, siku isiyo ya msikiti, ni ya ndoa tu; Shabani amerudi kwenye dini, tena anaoa kwa siri, anaona haya umri.

Jumapili asubuhi natoka na kanzu yangu, nakuta pikipiki sita mlangoni, Ramazani mbele, wanywaji wote wa kahawa yake wamevaa kanzu, na Musa, mcheshi wao, anapiga honi.

"Bwana arusi, panda! Ulizania tutakuacha uende kuoa kama yatima?"

Hapo ndipo ningepaswa kusema. Badala yake nikapanda. Nikafikiri tukifika njia panda nitawaambia, tukapita njia panda; nikafikiri labda pikipiki moja itazimika, zote zilikuwa nzima; wamama wakatupigia vigelegele, na kila Musa alipouliza "Ni wapi?" nikajibu "Mbele kidogo," mpaka mbele ikaisha, tukawa langoni pa parokia, wenzangu wa ubatizo wamepanga mstari.

Papa Deo akatukimbilia. "Shabani, umechelewa! Na hawa wote ni wasimamizi wako? Mungu asifiwe! Wapapa, mstari wa wasimamizi ni huku." Akamshika Ramazani mkono, akampa mshumaa.

Ramazani akautazama mshumaa, akautazama mstari, akanitazama mimi.

"Bibi arusi iko wapi?" aliuliza polepole, ingawa alishaelewa.

"Pengine ni padri," Musa akasema, na hakuna aliyecheka, hata yeye.

"Ramazani, nilitaka kukuambia..."

"Hii kanzu ni ya marehemu baba. Alikuwa anaivaa Idi tu. Vua."

Hakupaza sauti. Nikavua. Chini nilikuwa na singleti yenye tundu ubavuni na suruali niliyoikunja hadi magotini ili isionekane, na parokia nzima ilikuwa langoni pale. Kwaya ilianza wimbo ikauacha. Ramazani akaikunja kanzu kwa kufuata mikunjo yake, akamrudishia Papa Deo mshumaa kwa mikono miwili, akapanda pikipiki. Waliondoka bila honi.

Mama mmoja wa shirika akatoa kikapuni kitambaa cha meza cha lesi, akanifunga mabegani kwa pini mbili. Ndivyo nilivyobatizwa. Nililia, watu wakasema ni Roho Mtakatifu, na mimi nasema nusu ilikuwa Roho.

Wiki saba nilizunguka njia nyingine ili nisipite kwenye kahawa yake. Halafu nikaenda. Ramazani akanimiminia kahawa bila kunitazama.

"Ungesema kweli, ningekunyima kanzu," akasema. "Tungegombana Ijumaa, Jumatatu tungepatana. Lakini ulinifanya nifurahi bure mbele ya watu."



Ubatizo siujutii hata kidogo. Nimeapa tu kwamba mutu anayenipenda hatajua tena habari yangu langoni. Nitamwambia mapema, usoni, hata anitupie birika. Kahawa bado ananipa. Ila zamani aliniita ndugu, na sasa akinipa kikombe anasema, "Karibu, Papa," kama anavyomwambia mteja yeyote.