Besi Hutangulia

Miezi minne ya kwanza niliyosimama katika kwaya ya mji mmoja mdogo huko Ujerumani, sikutoa sauti hata kidogo. Nilifungua mdomo, nikaufunga, nikapandisha nyusi pale wenzangu walipopandisha zao, na hakuna aliyegundua. Nilikuwa nimekwenda kule kutunza wazee, kazi ya kuogesha, kulisha na kusikiliza. Bibi mmoja niliyemtunza alinisikia nikiimba huku nakunja shuka zake, akanipeleka mwenyewe kwenye kwaya yao. Nikaenda kwa mbwembwe. Si nimeimba tangu darasa la nne? Lakini mimi nilifundishwa kwa do re mi zilizoandikwa kwa chaki ubaoni, na kule nilikabidhiwa kitabu cha noti za vichwa vyeusi, zimetapakaa kwenye mistari mitano kama mbegu za papai zilizomwagika.

Ningeweza kusema kwamba sijui kuzisoma. Sikusema. Nilikuwa Mwafrika peke yangu katika safu ya alto, na sikutaka mtu anihurumie. Nikawa naenda na kitabu nyumbani, naandika do re mi zangu kwa penseli chini ya kila noti, na kabla ya mazoezi nafuta. Kufika mwaka wa pili nilikuwa nazisoma noti zao bila penseli. Tulisafiri kwa basi tukaimba hadi Austria na Uholanzi, katika makanisa ya mawe yenye baridi ya kukausha midomo, mbele ya watu waliotulia tuli mpaka wimbo wa mwisho ndipo wakapiga makofi. Nilizipenda safari zile kuliko kitu chochote nilichopata Ulaya. Zilinivimbisha kichwa pia, ila hilo sikuliona wakati ule.

Mkataba ulipokwisha nikapata kazi katika kliniki moja hapa Doha, pale Al Sadd, na chumba cha kulala Muaither, ndani ya villa iliyokatwakatwa vyumba mpaka mwenye kuijenga asingeitambua. Kwaya yetu sisi Wakenya ilifanya mazoezi katika sebule ya villa hiyohiyo. Tulikuwa kumi na wanne: wauguzi, vijana wa kompyuta, walinzi. Kiyoyozi tulikizima ili alto isikike, tukaimba huku jasho linatutiririka mgongoni. Kwa sababu ya dyuti hatukukutana wote kwa pamoja ila kwa nadra, hivyo kila mtu alirekodiwa sehemu yake akatumiwa kwa simu, akajifunza ndani ya basi la kampuni. Waliposikia kwamba nimeimba Ulaya, wakanipa kwaya nzima niiongoze. Kuanzia siku hiyo nikawa "Mwalimu", nami nililipokea jina hilo kama mtu aliyekuwa akilisubiri.

Safu ya besi ilikuwa na mlinzi mmoja, mtu wa miaka hamsini na kitu, kwao Taita. Sote tulimwita Baba. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini na suruali yake ya sare, mkononi daftari kuukuu la do re mi lililofungwa kwa karatasi ya nailoni. Sauti yake ilikuwa nzito na nzuri. Shida yake ilikuwa moja: kwenye nyimbo za zamani alianza kabla ya wengine. Mkono wangu ungali juu, yeye keshaingia.

"Baba, tuanze wote pamoja," nilimwambia. "Ngoja nishushe mkono."

"Kwetu besi hutangulia, Mwalimu. Wengine wanafuata."

"Hapa si kwenu."

Ndivyo nilivyomjibu, mbele ya watu, mtu aliyelingana na kaka yangu mkubwa. Na bado sikuridhika. Ibada kubwa ilipokaribia, akatangulia tena kwenye mazoezi ya mwisho, nikamvuta kando pale mlangoni penye viatu. Nikamwambia kwa sauti ya upole, ile sauti tunayotumia kwa wagonjwa, kwamba Ijumaa, siku ya ibada huku, afungue mdomo tu, asiimbe. Hakuna atakayejua, nilimhakikishia. Nilijua ninachosema, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimekifanya kwa miezi minne.

"Sawa, Mwalimu," akasema.

Ibada ilipita vizuri. Sikumwambia arudi kuimba, wala yeye hakuuliza. Nikafurahia jinsi kwaya ilivyonyooka, nikawasifu. Baada ya wiki mbili tatu nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilimnyamazisha mtu.

Kisha Baba akafiwa na mama yake. Alikuwa ameshachukua likizo yake yote miezi michache nyuma kwenda kumuuguza, na kampuni ikamwambia haina ruhusa nyingine mpaka mwaka ujao. Yeye ndiye mtoto wa kiume wa pekee. Alinifuata jioni kwenye ngazi za villa, kofia mkononi.

"Mwalimu, nakuomba kitu. Ijumaa saa tano wanamzika. Kwaya imwimbie hata wimbo mmoja, kwa simu. Nimeshindwa kufika mimi, angalau kitu kutoka huku nilipo kifike kaburini."

Aliutaja wimbo wenyewe, wimbo wa zamani ambao mamake aliupenda. Nikakubali, na nikakubali kwa moyo wangu wote. Nikautafuta, nikaupata katika mpangilio mzuri wa sauti nne, nikarekodi kila sehemu nikawatumia. Nilitaka mama wa watu azikwe kwa wimbo usio na dosari. Hiyo ndiyo zawadi niliyodhani ninayo.

Ijumaa ile sebule ilijaa. Saa ya Doha na ya nyumbani ni moja, kwa hiyo hatukuwa na hesabu ya kupiga. Simu tuliiegemeza kwenye pipa la mchele, tukaiunganisha na spika. Dada mmoja wa Unguja, jirani yetu wa chumba cha pili anayefanya kazi hotelini, alituletea chupa ya chai ya iliki. "Poleni jamani, Mungu awape subira," akasema, akaketi kando ya mlango na mtandio wake. Kwenye kioo cha simu tuliona mteremko wa kijani, migomba, watu wengi wamesimama, na jeneza. Baba alisimama safu ya nyuma, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

Nikashusha mkono, tukaingia wote kwa pamoja, sawasawa kabisa. Ubeti wa kwanza ukaisha. Kule kaburini hakuna aliyefungua mdomo. Nikadhani mtandao umekwama, lakini majani ya migomba yalikuwa yanacheza. Tukaimba wa pili, na wale watu wakaendelea kututazama tu. Nikasimamisha kwaya.

"Mnatusikia?" nikauliza.

Dada yake Baba, aliyeshika simu upande wa pili, akajibu, "Tunawasikia poa sana. Lakini watu wanangoja. Besi iko wapi? Ndugu yangu si ako hapo?"

"Yupo."

"Sasa mbona hatumsikii? Huku kaburini wimbo unaanzishwa na mwanaume wa hiyo nyumba, sisi ndio tunafuata. Baba yetu alizikwa hivyo. Hakuna mtu mwingine ataanza, ni yeye."

Nikageuka kumtazama. Macho yake yalikuwa kwenye mkono wangu. Nikakumbuka kwamba mdomo wake ulikuwa unafunguka na kufungika beti zote mbili, na kwamba mle ndani sauti haikuwemo. Mama yake yumo jenezani, na yeye bado anatii amri niliyomwekea mlangoni penye viatu.

"Baba, imba," nikamwambia.

"Nitawaharibia, Mwalimu. Ulisema nisitoe sauti."

Kila mtu alisikia, wa sebuleni na wa mteremkoni. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Nilikosea," nikasema. "Nilikukosea wewe, na niliukosea wimbo wenu. Tafadhali, mwimbie mama."

Mara ya kwanza aliishia kwenye neno la kwanza. Akakohoa, akashika daftari lake bila kulifungua, akaanza tena, chini sana, peke yake. Hata neno la tatu halijaisha, ule mteremko wote ukaitika. Spika ilitetemeka. Sauti zao zilitufikia zimechelewa, nasi tulipoingia tukawa mbele yao kwa neno zima, kila upande unamkimbiza mwenzake. Ulaya ningesimamisha. Binti wa soprano alinitupia jicho la kuuliza, nikatia mkono mfukoni. Yule jirani wa Unguja alikuwa analia waziwazi, nami pia.

Tulipomaliza tukasikia makoleo yakigonga mawe. Dada yake akarudi kwenye simu, anahema.

"Msinyamaze, bado wanafukia. Tuimbieni tena."

Kwaya nzima ikanigeukia, ikisubiri mkono wangu kama nilivyoizoesha.

"Msinitazame mimi," nikawaambia. "Mtazameni mwenye msiba."

Baba akajifuta uso kwa kiganja, akavuta pumzi, akatangulia. Nasi tukamfuata.