Aliyesimama Nje Akingoja Bei

Wengine wakisimulia mambo ya namna hii huanza na usiku wa manane, bundi na makaburi. Mimi sina bundi. Yangu yalinipata mchana, siku ya Jumamosi, katikati ya mji wa Butembo, ndani ya chumba chenye watu, na sikuwa nimelala wala kunywa kitu. Waliokuwapo bado wako mjini. Nenda uwaulize, watakwambia tuachane na hayo. Mimi ndiye niliyebaki na mdomo, kwa hiyo nisikilize mimi.

Nieleze kwanza kazi yangu, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Nina chumba kidogo karibu na soko, na ndani yake kompyuta, skrini mbili na mabenchi. Watu huniletea simu zao, nami nawapakilia nyimbo, picha na michezo ya video. Umeme ni wa jua, na kwa ukungu wetu wa Butembo jua lenyewe ni mgeni, ndiyo maana nina jenereta pia, yenye kelele kunizidi. Walikuwapo wakristo wenzangu walioniona kituko, mwanamke mzima kuishi kwa michezo ya watoto. Nilikuwa nawauliza: na wewe unayeuza sabuni, unaoga siku nzima?

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yetu kubwa. Vijana waliosoma kompyuta walikuwa wameanza kutengeneza michezo yao wenyewe. Simaanishi ile ya makampuni makubwa ya ng'ambo. Nasema michezo ya mtu mmoja na kompyuta yake mbovu, anayekesha akichora nyumba za kwetu na mbuzi wa kwetu. Wakimaliza wanauleta kwangu. Tunauweka kwenye skrini, kila mtu anaujaribu, halafu tunaupangia bei. Bei zetu tulizitaja kwa vitu, ili kila mtu aelewe: huu ni wa bei ya mkate, huu wa soda. Mmoja tu ndio uliowahi kufika bei ya kuku, na mwenye mchezo huo alitembea juma zima kifua mbele.

Tulikuwa na desturi moja. Wakati wa kujadili bei, mwenye mchezo anatoka nje. Anasimama chini ya paa, ametupa mgongo, mpaka nitoke mimi nimwambie bei. Kwa nini? Kwa sababu mji huu kila mtu ni shemeji au mjomba wa mtu, na nani atamwambia shemeji yake usoni kwamba kitu chake ni kibaya? Akiwa nje, sisi tunasema yote. Nikimtajia bei, anakubali au anachukua mchezo wake, na hakuna ugomvi. Lakini kabla hajaambiwa haondoki, hata mvua ikimpiga.

Miaka hiyo Beni, mji wa jirani, ilikuwa inalia kila juma. Watu wa porini walikuwa wanashuka barabarani na mapanga, wanachoma magari, na sisi huku juu tunapokea waliokimbia, familia mbili tatu katika nyumba moja. Na mdogo wangu, ndugu pekee niliyebakiwa naye tangu mama afariki, alikuwa akinunua kakao Mutwanga, kule chini ya milima, anaipakia kwenye pikipiki yake, anapita Beni, anapanda nayo mpaka Butembo. Nilimsihi aache. Aliniita yaya, yaani dada mkubwa, na jibu lake lilikuwa lile lile kila mara: "Yaya, basi tutakula nini?" Kila safari yake mimi nilikuwa sili mpaka nisikie muungurumo wa ile pikipiki mlangoni.

Basi Jumamosi hiyo mvua ilikuwa inanyesha na ukungu umeshuka mpaka mitaani, mchana unafanana na jioni. Kijana mmoja akaingia. Sikuwa nimemwona kamwe. Mwembamba, mpole, sweta ya kijani yenye kiwiko kilichoshonwa kwa uzi mweupe.

"Jambo, yaya. Niko na jeu moya. Banasema ni hapa njo munapangaka bei." Ndivyo tunavyosema kwetu, Kiswahili na Kifaransa pamoja: jeu ni mchezo, njo ni ndiyo.

"Karibu. Unatoka wapi?"

"Upande ya Beni."

Miaka hiyo, mtu akitoka Beni humwulizi habari za nyumbani, unamwuliza barabara. Nami nikamwuliza: "Na barabara iko namna gani?"

"Iko mule mu jeu," akasema. "Mutaiona."

Akatoa mfukoni kisanduku cha kibiriti, akakifungua, ndani mna kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu. Akanipa, akatoka kusimama chini ya paa bila kuelekezwa. Nikajua amesimuliwa desturi yetu. Hivi unadhani niliona ajabu kwamba mvua ile yote haikumlowesha sweta? Sikuona. Nilikuja kuliona baadaye, usiku, nikiwa kitandani, na sikulala tena.

Mchezo wenyewe ulikuwa na mtu juu ya pikipiki, na gunia nyuma yake. Unaanzia kwenye uwanja wa nyumba moja chini ya milima, ambapo bibi mmoja ameanika kakao, na unatakiwa kufika Butembo. Ulichorwa vizuri, niamini. Matope yalikuwa matope yetu. Lakini kila aliyeshika zamu yake alikufa, na wote walikufa mahali pamoja, kwenye kona yenye miti. Wanaume wenye mapanga wanatoka, skrini inakuwa nyeusi, kimya. Hakuna muziki, wala alama, wala maisha ya pili kama michezo mingine inavyokupa.

Muhindo, fundi wa simu, aliyekuwa mkali wetu wa kukosoa, alichukia. "Hii jeu ni ya kutesa batu! Unaenda mbio, unakufa. Unaenda polepole, unakufa. Unapita kwa nyuma, unakufa. Donc ni nini?"

"Lete miye nijaribu," akasema Kavira, binti mmoja mshonaji, mtu wa subira nyingi.

Kavira hakwenda popote. Alimwacha yule mtu pale uwanjani kwa bibi, karibu na kakao iliyoanikwa. Tukamcheka. Kwenye skrini mvua ikanyesha, ikakatika. Giza likaingia. Bibi akawasha moto. Mbali kabisa barabarani tukaona wale wanaume wakitoka kwenye miti, wakisimama, wakirudi walikotoka. Kukapambazuka, na maandishi yakatokea: UMEFIKA.

Chumba kizima kikapiga kelele. Muhindo akasimama juu ya benchi. "Mais, nani atalipa juu ya kukaa? Kukaa, niko nafanya bure kwetu! Bei yake ni maji ya kunywa!" Wengine wakasema hata maji ni mengi. Kavira peke yake akasema mchezo ule ni bei ya kuku, na zaidi. Wakaanza kubishana, na mimi ambaye kazi yangu ilikuwa kuwaamua nilikuwa bado natazama skrini.

Baada ya yale maandishi picha ilikuwa imesogea karibu na pikipiki, na nikaona kiti chake. Kilikuwa na kitambaa cha kitenge chenye ndege wa manjano, na kwenye pembe moja kiraka cha bluu. Mama yangu ndiye aliyeshona kitambaa kile kabla hajafa. Kitenge hakikutosha, akamalizia na bluu. Hakuna kingine duniani, na kilikuwa juu ya pikipiki ya mdogo wangu.

Nikatoka na simu yangu mkononi. Yule kijana alikuwa pale pale, mgongo kwangu, uso ukutani.

"Ile kiti, uliitoa wapi?"

"Niliionaka mu barabara, yaya."

Jibu la kawaida kabisa, sivyo? Mdogo wangu anapita barabara ile kila juma, yeyote angeweza kuiona. Hata hivyo nikampigia mdogo wangu hapo hapo chini ya paa, nikiwa karibu na yule kijana kiasi cha kumgusa.

"Uko wapi?"

"Niko Mutwanga, yaya. Kesho asubui mapema natoka. Tuko bamoto mingi, benye pikipiki, tutaenda pamoja."

Nikamwomba asitoke. Nikamweleza mchezo, kona, kiti cha mama. Alicheka mpaka akakohoa. "Yaya, ni jeu njo itanifungia njia? Banauwa batu kila siku, na kila siku tunapita. Tutakula nini?"

Nifanye nini? Mdogo wangu nimemlea, namjua. Wanande sisi, watu wa biashara, mwambie mmoja wetu kwamba mbele kuna mapanga, atafunga gunia lake vizuri aende. Vita havimzuii. Kuna neno moja tu linalomzuia, na mimi nikalisema.

"Kakao imeshuka bei."

Kicheko kikakatika. "Imeshuka? Tangu wakati gani?"

"Tangu leo, depo zote za banunuzi. Banasema itapanda tena ndani ya juma hii. Ngoja."

"Ah, Mungu wangu." Nikamsikia akipiga ulimi. "Bon. Basi nitangoja."

Ulikuwa uongo mtupu, na sijautubu mpaka leo. Nilikata simu nikilia kwa nafuu. Ndipo yule kijana akasema, bila kugeuka, kwa sauti ya mtu asiyependa kusumbua:

"Yaya. Bei?"

"Ngoja kidogo," nikasema. "Nakuya."

Nikaingia ndani kuwanyamazisha wale wabishi, nikipangusa macho. Hatukukubaliana. Nilipotoka kumwambia avumilie, hakuwapo. Chini ya paa udongo ulikuwa umelowa, laini kama unga wa ugali uliokorogwa, na nyayo zilizokuwapo ni zangu tu.

Kesho yake, tulipotoka misa, watu walikuwa wamesimama uwanjani kwa vikundi, kila kikundi kimeinamia simu moja, na wanawake wameanza kushika vichwa. Pikipiki zilizotoka Mutwanga zilikuwa zimeviziwa na kuchomwa kwenye ile kona yenye miti. Sitakusimulia zaidi. Mdogo wangu alinipigia jioni kunitajia majina. Wenzake aliokunywa nao chai asubuhi ile, akawacheka kwamba hawajui kwamba bei imeshuka, wote walikuwa wamekwisha.

Alipofika Butembo baadaye na kujua ukweli, cha kwanza alichosema, kwa hasira: "Ulinidanganya bei?" Halafu akakaa chini kwenye benchi langu akalia kama siku tuliyomzika mama.

Ungedhani yamekwisha hapo. Nami nilidhani.

Wakati fulani baadaye mama mmoja alibisha hodi, amevaa nguo za msiba, viatu vyake vimejaa vumbi la safari. "Ni hapa njo banapangaka bei ya jeu za batoto?"

Nikamkaribisha, nikampa maji.

"Mutoto wangu alikuwa anakuya huku kwenu na jeu yake," akasema. "Alisumbuka nayo sana. Bakamuuwa mu njia, hakufika."

"Pole sana, mama. Lini?"

"Juma moya kabla ya ile bakachoma bamoto ya Mutwanga."

Akanionyesha picha. Sweta ya kijani, kiwiko cha uzi mweupe, alichokishona mama huyo mwenyewe. Nilikwenda kwenye droo, nikamletea kile kisanduku cha kibiriti. Kadi ilikuwa mle mle, ila tangu Jumamosi ile kila nikiiweka kwenye kompyuta haikuwa na chochote ndani. Akakipokea kwa mikono miwili, akakiweka kifuani. Wala hakuniuliza kilifikaje kwangu. Nikamsimulia yote, na yeye akasikiliza akitikisa kichwa polepole, mpaka nilipomaliza.

"Na mukapanga bei gani?"

"Hatukupanga, mama. Tulishindwa kusikilizana."

"Donc hamukumuita?"

"Hapana, mama. Nilimwambia angoje."

Akageuka kuutazama mlango. Nje palikuwa na ukungu tu. "Basi iko anangoja," akasema. "Ni miye njo nilimufundisha ile. Kama mukubwa anakwambia ungoje, usiondoke."

Akanirudishia kisanduku. "Kadi ibaki kwako. Siku mutapata bei, mutamwambia. Wasingya, yaya," akanishukuru kwa lugha yetu, akaenda zake, na mimi nikabaki nimesimama.

Tangu hapo watu wangu wametawanyika. Kavira alimwona yule kijana mara moja, mgongo tu, akaacha kuja. Muhindo hapiti hata mtaa huu. Mimi bado nafungua chumba, kwa sababu nikihama, nani atakayemwambia? Jumamosi za mvua natoka na kusimama pale chini ya paa. Wakati mwingine hakuna mtu. Wakati mwingine sweta ya kijani iko pale, kavu, uso ukutani, na ile sauti ya upole: "Yaya. Bei?" Nimemtajia kuku. Nimemtajia mbuzi, ng'ombe, shamba letu la Kipese lenye nyumba juu yake. Hajibu kwamba anakubali, wala haondoki. Na mdogo wangu ameoa, ana watoto, wananiita shangazi. Mimi niliyezaliwa sokoni, sijawahi kushindwa bei ya kitu, na mchezo huu nashindwa.

Kwa hiyo wewe unayenisikia, nakuomba, ukimwambia mtu angoje, mrudie siku hiyo hiyo, hata kama jibu lako ni baya. Na ukipita kwetu Jumamosi ya ukungu, ukamkuta kijana amesimama chini ya paa ametazama ukuta, usimwulize anangoja nini, wala usimtajie bei ya kujaribu. Ingia ndani uniite. Labda siku hiyo nitakuwa nimeipata.